Nani walii wa mali ya ndugu yetu mwenye usonji?

KATIKA Surat An-Nisaa, aya ya 5, Allah (sw) anakataza mali wasikabidhiwe wasioweza kuiendesha, kisha anaamrisha walishwe, wavishwe na wasemezwe kwa wema. Ninapoisomesha aya hii huwaomba wanafunzi waangalie neno moja: fiihaa, yaani ndani ya mali hiyo. Wafasiri kama Zamakhshari na Fakhruddin Razi wameeleza kuwa haikusemwa "kutokana nayo" kwa sababu mali hiyo inatakiwa izungushwe, mwenyewe ale faida, siyo ale mtaji hadi uishe.

Ndugu msomaji, aya hii inanihusu nyumbani. Mdogo wangu ana usonji. Tumekulia Mbinga kwenye kahawa ya baba, na likizo tukishuka Mbamba Bay kwa wajomba. Hakusema neno mpaka alipofika miaka sita. Kelele humtesa. Wapo waliosema ana majini, na wapo waliomsingizia mama kuwa alivunja mwiko. Shule ilimrudisha kabla muhula haujaisha. Kumbe hali hii ilikwishaelezwa na daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943, na mwaka 2007 Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la Qatar, ukaitengea siku yake, Aprili 2. Mtu hukua nayo na huzeeka nayo. Dua hatuikatai, lakini kumchapa mtu fimbo eti jini atoke siyo ruqya, ni dhulma.

Makala nyingi juu ya usonji huishia kwa watoto. Mdogo wangu sasa ana ndevu.

Akiingia msikitini husimama pembeni mwa nguzo ile ile, na akikuta mtu hapo hutoka. Baadhi husema mwacheni, kalamu imeinuliwa kwake. Lakini hadithi ile inamtaja aliyekosa akili, na usonji peke yake haumwondolei mtu akili. Wako wenye usonji wanaofahamu kila kitu na wako wasiofahamu, kila mmoja hupimwa kwa hali yake. Katika Sahih Muslim, Anas (ra) anasimulia habari za mwanamke mwenye tatizo la akili aliyemwendea Mtume (saw) na haja yake. Mtume (saw) alimwambia achague njia yoyote aitakayo, akaenda naye mpaka haja ikaisha. Sisi kumpisha mtu nguzo inatushinda!

Aya ya 6 inaamrisha mayatima wajaribiwe kabla ya kukabidhiwa mali zao. Tulimpima mdogo wangu kwa njia hiyo. Usipa anauanika kwenye chanja na kuupima kwa kopo bila kukosea. Siku za mwezi mwandamo anazijua kuliko wengi wetu, maana wavuvi wa taa hutegemea usiku wa giza. Ila mtu akimwambia "nikopeshe", anatoa zote. Basi mauzo ni yake, akiba inashikwa na mwingine.

Nani aishike? Hapa ndipo familia zetu zinapojikwaa. Kaka mkubwa hudhani cheo hicho ni chake tu. Katika madhehebu ya Shafii, walii wa mali ya aliyebaleghe bila kuweza kuendesha mali ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii waliyemteua, kisha kadhi. Ndugu hayumo mpaka ateuliwe. Naye msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na mahakama ya mwanzo kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Akimaliza, fungu la asiyejiweza linabaki bila mlinzi.

Baba alifariki mwaka 2019. Kikao kilipokaa, mzee mmoja alishauri fungu la mdogo wangu liunganishwe na la kaka, "kwani si atakula kwake?" Kwa sheria ya mirathi fungu la mtoto wa kiume ni lile lile, awe msemaji au bubu. Bahati baba alikuwa ameandika, mbele ya imamu na mashahidi wawili, kuwa wasii ni mimi. Mikahawa ile ninaihudumia, mauzo ya kila msimu yanaandikwa kwenye daftari, na mama hulikagua.

Nikifa kabla yake, karatasi ya baba imemtaja dada yetu. Wazee wawili walihoji mwanamke, nikawakumbusha kuwa Umar (ra) alimkabidhi bintiye Hafsa (ra) wakfu wake. Dada ndiye pekee ambaye mdogo wangu hukubali amnyoe.