"Mimi ni Mmoja Wenu": Jinsi ya Kupima Maneno ya Kiongozi

Katika mikutano ya hadhara ya Eastlands, kutoka Kaloleni hadi Kayole, kiongozi hachelewi kusema, "Mimi ni mmoja wenu." Mmoja huthibitisha kwa Sheng, mwingine kwa kofia iliyogeuzwa nyuma, mwingine kwa kula mutura mbele ya kamera. Vijana wa Umoja humtambua upesi mgombea aliyejifunza Sheng wiki mbili kabla ya kura, na humcheka. Lakini hata yule aliyezaliwa na kukulia hapo hapo mtaani hajajibu swali lililo muhimu zaidi: je, anachosema kinaweza kukaguliwa?

Eastlands ina mfano wake wa zamani katika jambo hili, na unafaa kukumbukwa na wakazi wa leo.

Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako babake, mtu wa Kisiwa cha Rusinga, alikuwa ameajiriwa. Baada ya mafunzo katika Chuo cha Jeanes, Kabete, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya. Siku moja alikuwa ofisini akipima maziwa. Mwanamke Mzungu aliingia, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa pale pale mbele yake. Naye akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe baadaye, na mfanyakazi yeyote wa jiji wa siku hizo hakuhitaji kufafanuliwa maana yake. Mboya alianza kuwatetea wafanyakazi wenzake akiwa bado anakula mshahara wa baraza lile lile, mshahara uliokuwa chini sana ya ule wa mkaguzi Mzungu.

Tukio linalofundisha zaidi, hata hivyo, halikutokea Nairobi. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, aliteremka Pwani. Angeweza kujipatia makofi kwa urahisi kwa kuwaambia waendelee na mgomo. Badala yake aliwasihi warudi kazini ili madai yao yasikilizwe na jopo la usuluhishi. Umati wenye hasira hupenda kuambiwa hasira yake ni sawa. Kuuambia "rudini kazini" ni kuweka jina lako rehani. Walirudi, na jopo likawapa nyongeza ya mshahara. Tangu hapo neno lake lilikuwa na uzito ambao hauwezi kununuliwa kwa fulana wala kwa chai.

Uzito huo ulionekana kwenye kura. Machi 1957, Waafrika walipowachagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek katika kiti cha Nairobi kwa kura chache. Miaka minne baadaye, katika kiti cha Nairobi Mashariki, alipata takriban kura tisa katika kila kumi, ingawa wapiga kura wengi hawakuwa wa jamii yake na baadhi ya wakubwa wa chama chake mwenyewe walimpendelea mpinzani wake, Dkt. Munyua Waiyaki. Kati ya chaguzi hizo mbili, Septemba 1959, ndege ya kwanza ya mpango wa masomo aliousimamia iliwapeleka wanafunzi 81 Marekani. Mzazi aliyemsindikiza mwanawe uwanjani hakuhitaji hotuba.

Hakuwa malaika, na wakazi wa wakati huo walilijua hilo. Wapinzani walimshutumu kwamba yuko karibu mno na Wamarekani, na wengine walimwona mwenye majivuno. Alivaa suti zilizoshonwa vizuri hata alipokwenda kuzungumza na watu waliobanana katika chumba kimoja. Hakujifanya maskini ili apendwe. Aliweza kusema Kiswahili, Kiluo, Kikamba na Kikuyu, lakini lugha hizo hazikuwa vazi la kampeni. Alizipata alikolelewa na alikosoma.

Leo ukumbi umehamia kwenye simu. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipofika Bungeni, vijana waliufasiri kwa lugha za nyumbani na kwa Sheng, wakaueleza kifungu kwa kifungu katika video fupi. Kazi hiyo ya kueleza ilipaswa kufanywa kwanza na wale walioandika mswada. Mwezi Juni Rais alikataa kuutia saini, na ukaondolewa. Maofisa wa umma, wakiwemo wa kaunti, wana la kujifunza hapo: mkazi akipata maneno yenyewe ya waraka, kwa lugha anayoielewa, hadanganyiki kwa urahisi na mtindo wa msemaji.

Chukua suala linalowakosesha wengi usingizi sasa. Mitaa ya zamani kama Bahati, Ziwani, Jericho na Maringo imo katika mipango ya kujengwa upya. Kuna wapangaji waliozaliwa katika nyumba hizo, na wazazi wao walizaa humo pia. Ofisa akisimama barazani na kusema, "Msiwe na wasiwasi, mtarudi," huenda anasema kweli, na huenda hata yeye ana jamaa katika mtaa huo. Hilo halitoshi. Ahadi hiyo imeandikwa katika hati gani, na nani ametia saini? Orodha ya wapangaji imebandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuhakiki jina lake? Kodi ya nyumba mpya itakuwa kiasi gani? Jambo lile lile limeambiwa mwekezaji, au yeye ameambiwa jingine? Ofisa mkweli hakasiriki akiulizwa haya. Pengine atajibu, "Kuhusu kodi, bado haijaamuliwa," na jibu hilo, japo halifurahishi, lina faida kuliko "mtarudi" kumi.

Sheria humpa mkazi njia ya kufuatilia baada ya mkutano. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika lazima asaidiwe na ofisa anayelipokea. Kuomba ni bure. Kinachoweza kulipiwa ni gharama ya kunakili hati. Mwombaji hahitaji kueleza anazitakia nini habari hizo. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Ni vyema kutaja hati kwa jina lake na tarehe ya mkutano ambapo ahadi ilitolewa, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Akinyimwa, mwombaji ana siku 30 za kuiomba Ofisi ya Ombudsman ipitie uamuzi huo.