Mawazo Yakizidi: Shughuli na Mtu wa Kukaa Naye

Mtu akifiwa Kisarawe, iwe Maneromango, Masaki au Mzenga, haachwi peke yake. Majirani hulala tanga, wanawake wanapika, wanaume wamekaa mkekani wanapiga soga, na mfiwa mwenyewe huulizwa mambo madogomadogo: maji yanatosha, fulani ameshafika, hitima isomwe lini. Hakuna anayemshurutisha aeleze uchungu wake kila saa, na hakuna anayemwacha ajifungie nao ndani. Taabu huanza tanga likishaanuliwa, kila mtu akarudi shambani kwake. Na kwa mwenye deni, aliyeachika, au aliyeambiwa ana maradhi ya kudumu, hata tanga lenyewe halikuwapo. Kijitabu hiki kinatetea jambo moja: anayezidiwa na mawazo anahitaji vitu viwili vya matanga, shughuli na watu, navyo avipate pamoja, kwa sababu kila kimoja kikiwa peke yake kina hatari yake.

Mawazo yakizidi yanaweza kuwa sonona, na sonona si huzuni ya siku moja. Ni hali inayokaa wiki mbili au zaidi: usingizi unakatika alfajiri, chakula hakina ladha, kazi uliyoipenda inakuchosha kabla hujaianza, na moyo unakuambia huna faida kwa yeyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa wakiishi nayo. Kinachoirefusha mara nyingi ni mtindo wa kulirudia jambo lilelile kichwani bila kufika popote. Mtafiti wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, aliwapima wanafunzi wa Stanford kabla ya tetemeko la ardhi la Oktoba 1989, akawapima tena baadaye. Waliokuwa na mazoea ya kuyazungusha mawazo ndio waliobaki na dalili nyingi za sonona. Mwaka 1993, yeye na mwenzake walionyesha kwamba dakika 8 tu za kuelekeza akili kwenye kitu kingine ziliwapunguzia huzuni watu waliokuwa na dalili hizo, na dakika 8 za kujichunguza ziliwaongezea. Lakini kumwambia mtu "usiwaze" hakumsaidii. Mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, jaribio alilolichapisha mwaka 1987, na dubu huyo akawajia tena na tena. Wazo halifukuzwi kwa amri. Linapisha pale akili inapopewa kazi.

Hapa wapo watakaosema kwamba kujishughulisha ni kulikimbia tatizo, kwani deni la pembejeo litakuwa palepale hata ukishinda unacheza bao. Hoja hiyo ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Pombe, kubeti mikeka na kukesha kwenye simu navyo humtoa mtu kwenye mawazo, kisha humrudisha akiwa na mzigo mkubwa zaidi. Tofauti iko kwenye aina ya shughuli: iwe na mwanzo na mwisho, ishike mikono, na ikiisha ionekane imeacha kitu, kama palizi ya mihogo, ukili uliosukwa au korosho zilizobanguliwa. Uingereza walilipima jambo hili kwa wagonjwa 440, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliosaidiwa kurudi hatua kwa hatua kwenye shughuli zenye maana kwao walipata nafuu isiyopungua ya wale waliopewa tiba ndefu ya mazungumzo kwa wataalamu wa saikolojia, ingawa waliowahudumia hawakuwa na mafunzo hayo ya juu. Deni nalo litengewe wakati wake, mchana na si usiku wa manane, na mtu wa kulihesabu pamoja nawe.

Kuhusu huyo mtu, ushahidi mzuri uko jirani. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, wanakijiji wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Kwa matokeo ya mwaka 2003, kwenye vikundi hivyo sonona ilishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, na kwa wasiokuwa na kikundi ilitoka asilimia 94 ikaishia 54.7. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwaweka kina bibi waliopewa mafunzo kwenye mabenchi nje ya zahanati. Wanaomaliza vikao huingia kwenye vikundi ambako wanawake hufuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika huku wakizungumza. Kazi ile ya mikono si pambo. Mtafiti Amanda Rose, mwaka 2002, aligundua kwamba wasichana wanaokaa wakirudia matatizo yaleyale na marafiki zao hupendana zaidi, na dalili za sonona nazo huwazidi. Kikao cha kulalamika tu kinaweza kumzamisha mtu.

Kwa hiyo "pole, mwachie Mungu" ni neno jema, ila lisiishie hapo. Sema: "Shoga, kesho nakupitia saa moja asubuhi, ukanisaidie kubangua." Mgonjwa atajibu kwamba hana hamu, na ni kweli hana. Hamu hufuata kazi, haiitangulii, basi punguza ombi mpaka lisikatalike: nusu saa, kibarazani tu. Kikundi cha VICOBA, kwaya au darsa kinaweza kumpa mtu mmoja jukumu la kumpitia asiyeonekana. Wengi huhofia siri zao kuzagaa kijijini, na hofu hiyo si ya bure. Lakini kubangua korosho pamoja hakumlazimishi mtu kutoa siri. Akitaka kusema, atachagua mmoja wa kumwambia.

Yote haya hayachukui nafasi ya tiba. Asiyekula, asiyeinuka kitandani, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayesema ni heri afe, apelekwe zahanati au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, na mwenzi aende naye mpaka ndani akiridhia. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua: swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Akikubali kwamba analo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na sumu za kupulizia mikorosho zitoke nyumbani siku hiyohiyo, zikafungiwe kwa jirani au stoo ya ushirika. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu saa ya hatari mara nyingi ni fupi, na waliovushwa saa hiyo wengi wao huishi.