Trekta Dogo na Shamba la Malisho: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua au Kukodi

Kiangazi kinapokaza, mfugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa hubanwa pande zote. Nyasi za kando ya barabara zimekauka, marobota ya majani yamepanda bei, na maziwa yanayofikishwa kwa mnunuzi yanapungua siku hadi siku. Ndipo wengi hukata shauri kupanda malisho yao wenyewe, na mara nyingi wazo la pili linalofuata ni kununua trekta dogo. Wengine huingia katika mkopo, wakiweka nyumba au shamba kuwa dhamana, kabla ya kujua trekta hilo litafanya kazi siku ngapi kwa mwaka.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mfugaji mwenye ekari chache anayetaka kupanda nyasi au mikunde ya malisho kwa kutumia trekta, liwe lake au la kukodi. Tunapendekeza mpangilio mmoja wa kufikiri: anza na shamba, kisha mbegu, kisha kazi zinazohitajika, kisha zana, na trekta liwe la mwisho. Anayeanza na trekta hujikuta akilitafutia kazi mashine aliyokwisha kuilipia.

1. Pima shamba kwa mita

Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Vijijini ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho hukaribia usahihi endapo kila hatua ina urefu wa yadi moja, yaani sentimita 91 hivi. Anayepima akipiga hatua ya sentimita 75, upande mmoja utakuwa mita 52.5, na eneo zima litakuwa mita za mraba 2,756 hivi, ambazo ni kama theluthi mbili tu za ekari. Mfugaji atakuwa amelipa ekari nzima kwa kazi ya theluthi mbili.

Kosa huweza pia kuelekea upande wa pili. Anayepima mita 70 kwa 70 kwa kamba hupata mita za mraba 4,900, na eneo hilo huzidi ekari kwa takriban sehemu moja ya tano. Akinunua mbegu za ekari moja tu, shamba lake litaota kwa mapengo. Kwa hiyo tumia utepe wa mita. Shamba la mraba lenye upande wa mita 63.6 ndilo ekari moja. Kwa shamba la mstatili, zidisha urefu kwa upana, kisha gawanya kwa 4,047.

2. Chunguza mbegu kabla ya kuita trekta

Mbegu za nyasi za malisho, kama vile nyasi za Rhodes, ni ndogo sana, nyepesi, na nyingi zina manyoya. Zinatofautiana mno na mahindi, ambayo huweza kufukiwa sentimita tano na bado yakaota. Mbegu ya Rhodes ikifukiwa zaidi ya sentimita moja au mbili huishiwa nguvu kabla ya kufika juu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni zana gani itumike, na tutairudia hapa chini.

Nunua mbegu iliyofungwa na yenye lebo inayoonyesha aina, namba ya fungu, tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji. Kisha fanya jaribio lako mwenyewe. Hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, zifunike, na uzikague kwa siku 10 hadi 14. Idadi iliyoota ndiyo asilimia yako.

Asilimia hiyo hubadili maana ya bei. Tuchukulie kwamba muuzaji wa kwanza anauza kilo moja kwa shilingi 15,000 na mbegu zake zinaota asilimia 20; wa pili anauza kwa shilingi 24,000 na zake zinaota asilimia 40. Ukigawanya bei kwa uotaji, kilo moja ya mbegu hai ni shilingi 75,000 kwa wa kwanza na shilingi 60,000 kwa wa pili. Mbegu iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

3. Ijue kazi, ndipo uchague zana

Shamba jipya la malisho huhitaji kazi nne. Ya kwanza ni kulima kwa jembe la sahani, kwa kawaida kina cha sentimita 15 hadi 20. Ya pili ni kupiga haro ili kuvunja mabonge. Baada ya mvua za kwanza magugu huota, na haro ya pili huyaua yakiwa bado machanga. Ya tatu ni kupanda. Ya nne ni kushindilia udongo kidogo ili mbegu ishikane nao.

Katika kazi ya tatu ndipo fedha nyingi hupotea. Mashine ya kupandia mahindi haifai kwa mbegu zenye manyoya, kwa kuwa hugandamana na kuziba matundu. Kwa eneo dogo, njia iliyo salama ni kuchanganya mbegu na mchanga mkavu au vumbi la mbao, kuzitawanya kwa mkono, kisha kuburuta tawi lenye majani juu ya udongo. Dereva asirudishe haro ya sahani baada ya mbegu kumwagwa. Sahani hizo huzizika mbegu mbali mno, na wiki tatu baadaye mfugaji humlaumu aliyemuuzia mbegu ilhali mbegu zilikuwa nzima.

Kabla ya kupanda, tembea juu ya udongo uliotayarishwa. Mguu ukizama zaidi ya takriban sentimita moja, udongo bado ni laini mno na unahitaji kushindiliwa.

4. Sasa tazama trekta

Muuzaji hutangaza nguvu ya injini, inayoandikwa kwa herufi HP. Uliza pia nguvu inayofika kwenye shafti ya nyuma inayoendesha zana, ambayo mafundi huiita PTO. Nguvu hiyo huwa ndogo kuliko ya injini, na ndiyo inayoendesha rotaveta au mashine ya kukatia nyasi. Kisha soma kibao cha zana yenyewe kuona inahitaji nguvu kiasi gani.

Nguvu peke yake haitoshi. Kuvuta jembe la sahani kunahitaji uzito pia. Trekta jepesi kwenye udongo wa mfinyanzi huzungusha magurudumu papo hapo. Kwa upande mwingine, zana nzito kupita kiasi huinua magurudumu ya mbele, na usukani ukakosa kutii.

Hakikisha pia kwamba zana inafungika. Mikono mitatu ya nyuma ya trekta hutengenezwa kwa madaraja. Katika daraja la kwanza, linalopatikana katika matrekta mengi madogo, pini za chini zina kipenyo cha milimita 22 na ya juu milimita 19. Katika daraja la pili pini za chini ni milimita 28 na ya juu milimita 25. Zana ya daraja la pili iliyonunuliwa kwa bei nafuu haitakufaa ikiwa trekta lako ni la daraja la kwanza.

Omba majaribio shambani, kwenye udongo ulio kama wako, zana ikiwa imefungwa. Injini inayonguruma vizuri kwenye uwanja wa duka haijathibitisha lolote kuhusu kulima. Uliza iwapo aina hiyo ya trekta imefanyiwa majaribio na CAMARTEC iliyopo Arusha, na uombe kuona taarifa yake. Mwisho, uliza vipuri vinapatikana wapi. Muuzaji aonyeshe chujio la mafuta, mkanda na sili zikiwa rafuni.

5. Kununua au kukodi: fanya hesabu hii

Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu. Weka bei za kwenu mahali pake. Tuchukulie trekta na zana zake ni shilingi 30,000,000, na zitadumu miaka 10. Kila mwaka thamani inayopungua ni shilingi 3,000,000. Ongeza shilingi 1,500,000 za bima na matengenezo. Jumla ni shilingi 4,500,000 kwa mwaka, hata trekta likikaa bandani, na riba ya mkopo bado haijaingia.

Tuchukulie tena kwamba kukodi kwa kulima na kupiga haro ni shilingi 120,000 kwa ekari, na kwamba ukitumia trekta lako dizeli na dereva vitagharimu shilingi 40,000 kwa ekari hiyo hiyo. Kumiliki kunakuokolea shilingi 80,000 kwa kila ekari. Gawanya 4,500,000 kwa 80,000: unahitaji ekari zaidi ya 56 kila mwaka ili trekta lijilipe.

Mwenye ekari sita za malisho yuko mbali na kiwango hicho, tena nyasi za kudumu zikishika vizuri hukatwa kwa miaka kadhaa bila shamba kulimwa upya. Malisho hulimwa mara moja. Marejesho ya mkopo hudaiwa kila mwezi. Kumiliki huanza kuwa na maana pale trekta linapokuwa na kazi nyingine za uhakika: kukata nyasi, kuvuta tela, kulimia majirani kwa malipo, au linapomilikiwa na ushirika. Kazi za majirani zihesabiwe zile zilizokwisha kukubaliwa, zisiwe za kutarajiwa.

6. Ukikodi, andikiana

Makubaliano ya mdomo huzaa ugomvi. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha, ikitaja mambo haya:

(a) eneo kwa mita za mraba au ekari zilizopimwa kwa utepe;
(b) kina cha kulima na idadi ya mapito ya haro;
(c) nani analipa dizeli na chakula cha dereva;
(d) tarehe ya kuanza, na hatua itakayochukuliwa trekta likiharibika mvua zikiwa zimeanza;
(e) malipo ya awali na ya mwisho.

Chomeka kijiti chenye alama ya sentimita katika sehemu tano za shamba kabla ya kulipa fedha za mwisho. Dereva anayelima juu juu ili amalize upesi ataonekana hapo hapo, akiwa bado na nafasi ya kurudia.

7. Usalama ni sehemu ya bei

Shafti ya PTO kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa kila sekunde. Kanga, shuka au mkono wa koti lililolegea hunaswa kabla mtu hajapata kupiga kelele. Usipokee trekta wala zana ambayo kinga ya shafti imevunjika au imeondolewa. Katika maeneo ya miteremko, chagua trekta lenye fremu ya kumlinda dereva na mkanda wa kiti, na mkanda ufungwe. Trekta dogo lina kiti kimoja. Mtoto asipakatwe wala kusimama juu ya zana.

8. Haki zako na mahali pa kulalamika

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayokusudia kwa namna inayoonyesha kwamba anategemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo andika barua fupi kabla ya kununua, ukitaja ukubwa wa shamba, aina ya udongo, mteremko na zana utakazovuta, na ubaki na nakala. Anayetaja jina la trekta tu bila kueleza kazi hudhoofisha dai lake mwenyewe.

Dai risiti ya kielektroniki na hati ya dhamana inayotaja muda na sehemu zinazohusika. Hifadhi mfuko wa mbegu, lebo yake na gao moja la mbegu hadi shamba liote. Bila hivyo ni vigumu kuthibitisha tatizo lilianzia wapi.

Tatizo likitokea, mwandikie muuzaji kwanza. Asiporidhisha, malalamiko kuhusu matangazo ya kupotosha hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ubora wa mbegu ni kazi ya TOSCI, upungufu wa uzito ni wa Wakala wa Vipimo, na ubora wa bidhaa kwa jumla ni wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ushauri wa aina za malisho zinazofaa eneo lako utaupata kwa ofisa mifugo wa kata.

Maswali ya kujipima

1. Shamba lako la malisho lina mita za mraba ngapi? Ni ekari ngapi?
2. Katika mbegu 100 ulizojaribu, ngapi zimeota?
3. Trekta unalolitaka litafanya kazi ekari ngapi kwa mwaka, na nani amekubali kuzilipia?
4. Je, pini za zana na za trekta ni za daraja moja?
5. Je, muuzaji ana maandishi yako yanayoeleza kazi unayokusudia?

Ukiweza kuyajibu yote matano kwa tarakimu na maandishi, uko tayari kuzungumzia bei. Likibaki hata moja bila jibu, usitie sahihi kwanza. Duka litakuwa wazi kesho, na utepe wa mita hugharimu kidogo kuliko rejesho la mwezi mmoja.