Kupima na Kudhibiti Joto la Bruda ya Vifaranga

Vifaranga wa siku moja wanapoanza kufa siku ya tatu baada ya kununuliwa, lawama ya kwanza humwangukia muuzaji. Huenda walikuwa dhaifu tangu walipoanguliwa; huenda pia wameuawa na baridi ya bruda. Pasipo kipimo, si mnunuzi wala muuzaji awezaye kuthibitisha kauli yake. Katika somo hili tunaeleza namna ya kupima joto hilo na kulidhibiti.

Katika siku zake za mwanzo kifaranga hawezi kutunza vyema joto la mwili wake, kwa kuwa manyoya yanayomkinga hayajaota. Bruda huchukua nafasi ya mbawa za mama.

Kuchagua na kuhakiki kipimajoto

Usitumie kipimajoto cha homa. Hicho hupima joto la mwili wa binadamu tu, wala hakionyeshi baridi ya usiku. Epuka pia chenye zebaki, kwani kikivunjika humwaga sumu. Nunua kipimajoto cha chumba kinachosoma kuanzia nyuzi 0 au chini yake hadi 50 za Sentigredi, na udai risiti.

Kabla ya kukitumia, jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza ncha ya kupimia kwa dakika chache. Kipimajoto sahihi kitasoma 0. Kikisoma 1, andika kosa hilo juu yake na ulitoe katika kila usomaji. Kikikosea zaidi ya nyuzi 2, kirudishe dukani. Cha kielektroniki kisicho na waya wa kupimia kisitiwe majini. Kilinganishe na kingine kilichohakikiwa.

Mahali pa kupimia

Kipimajoto kilichotundikwa ukutani husema habari za ukuta. Kiweke kwenye ukingo wa eneo la joto, sentimita 5 juu ya maranda, yaani usawa wa mgongo wa kifaranga. Washa chanzo cha joto siku moja kabla vifaranga hawajafika, ili maranda nayo yapate joto.

Viwango vya kufuata

Wiki ya 1: nyuzi 33 hadi 35
Wiki ya 2: nyuzi 30 hadi 32
Wiki ya 3: nyuzi 27 hadi 29
Wiki ya 4: nyuzi 24 hadi 26

Mfugaji wa Dar es Salaam mwezi Januari huenda asihitaji moto mchana. Wa Njombe mwezi Julai atauhitaji mchana na usiku. Kinachofuatwa ni kipimo, si ratiba ya jirani.

Vifaranga wenyewe ni shahidi wa pili. Wakirundikana chini ya taa, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni, wakihema na kutanua mbawa, joto limezidi. Wakitawanyika, wakila na kulala kwa utulivu, joto linatosha.

Kudhibiti joto

Joto likizidi, pandisha taa juu kidogo au panua uzio, usiizime ghafla. Likipungua, ishushe. Ining'inize taa kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, kwani ikiangukia maranda huleta moto. Acha upande mmoja wa bruda usio na joto kali, ili kila kifaranga ajichagulie mahali. Anayetumia jiko la mkaa aache matundu ya hewa sehemu ya juu, wala mtu asilale humo: mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, inayoua watu na vifaranga.

Weka kumbukumbu

Andika usomaji wa asubuhi, mchana, jioni na usiku wa manane, pamoja na idadi ya waliokufa. Daftari hilo likiambatana na risiti, malalamiko yako kwa muuzaji yatakuwa na ushahidi. Na iwapo kosa lilikuwa la bruda, litakuonyesha saa lilipotokea, kabla hujanunua kundi jingine.