SOMO: MTOTO WETU AKIENDA KUSOMA NCHI YA MBALI

Somo la mwezi huu ni kwa wazazi na vijana, hasa nyumba ambazo mtoto amepata nafasi ya kusoma nje. Tafadhali someni kwanza Danieli sura ya 1 yote, na Mithali 23 kuanzia mstari wa 29, ndipo mrudi hapa.

Sisi tuliotoka Mocímboa da Praia tunajua kusindikiza watu. Pale bandarini tulizoea kuona majahazi yakishusha mizigo ya kutoka Tanzania, na vijana wakiondoka na begi moja kwenda kutafuta maisha. Kisha ikaja tarehe 5 Oktoba 2017, na Agosti 2020 bandari yenyewe ikatekwa. Mwaka 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliurudisha mji, lakini kila nyumba kati yetu ilikuwa imekwisha kupoteza kitu. Kwa hiyo kijana wa makazini akipata ufadhili, anabeba matumaini ya ukoo mzima. Anabeba pia yale aliyoyaona.

Kusoma mbali si jambo geni kwetu. Mwaka 1982 watoto wapatao 900 wa Msumbiji walipelekwa shule ya Stassfurt, Ujerumani Mashariki, na maelfu wengine walisoma Kuba. Wakimbizi nao wana ufadhili wa DAFI tangu 1992, na Kanada imekuwa ikipokea wanafunzi wakimbizi tangu 1978. Milango ipo. Tunalotaka kusema leo ni juu ya kinachomngoja kijana akishaingia, hasa pombe.

Danieli alikuwa mwanafunzi ugenini. Alichukuliwa kwa nguvu, akapewa jina jipya, akapangiwa masomo ya miaka mitatu, na divai ya mfalme ikawekwa mezani. Tuangalie mambo mawili. Kwanza, alikata shauri moyoni mapema. Pili, hakuwa peke yake. Walikuwa vijana wanne wanaofahamiana kwa majina ya nyumbani. Tena hakumtukana msimamizi wala hakuhubiri mezani. Aliomba kwa adabu ajaribiwe siku kumi. (Wako wanaosema sura hii inathibitisha kwamba Danieli hakuonja divai maisha yake yote. Tusiongeze yasiyoandikwa: sura ya 10 inaonyesha aliiacha kwa majuma matatu ya maombolezo, maana yake nyakati nyingine huenda alikunywa.)

Sasa tuseme la kwetu, ingawa linatuaibisha. Miaka michache iliyopita kanisa lilimchangia kijana mmoja viatu, begi na nauli, akaenda chuo nchi nyingine. Miezi ya kwanza alipiga simu kila Jumapili. Siku moja akatueleza kwamba halali. Akifumba macho anasikia risasi, na wenzake wamemwonyesha kwamba glasi mbili tatu zinaleta usingizi. Sisi wazee tulifanya nini? Tulimkemea. Tulimwuliza kama amesahau ubatizo wake, na kama anajua fedha zile zilikuwa za wajane. Hakupiga simu tena. Mwaka ule aliacha masomo, na mpaka leo mama yake anatuuliza habari zake kila akitukuta kisimani.

Yule mtoto hakuwa ameanza kwa anasa. Alikuwa anatafuta usingizi. Laiti tungalijua tungalimwambia hivi: pombe humlaza mtu haraka, lakini nusu ya pili ya usiku usingizi hukatika, ndoto mbaya hurudi, na kesho yake anahitaji zaidi ya jana. Jambo la kufanya lilikuwa kumtafutia daktari au mshauri wa wanafunzi pale chuoni, na kumpigia sisi wenyewe, hata akikaa kimya.

Vijana, ninyi mtaambiwa kwamba kila mwanafunzi hunywa. Si kweli; wengi hawanywi, ila hawapigi kelele. Shirika la Afya Duniani huita unywaji mzito pale mtu anapoingiza gramu 60 za kilevi kwa mkao mmoja, karibu chupa ndogo tano za bia ya kawaida. Ini huondoa takriban chupa moja kwa saa. Kahawa haiharakishi, maji baridi hayaharakishi. Asiyekula tangu asubuhi hulewa upesi zaidi, nasi tunajua mwanafunzi mkimbizi mara nyingi hajala.

Ukimkuta mwenzako haamki, anapumua polepole mno, ngozi imekuwa baridi au ya samawati, usimwache alale hapo ukidhani ataamka. Mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe, usimlazimishe kunywa kitu, kaa naye, ita gari la wagonjwa. Usiogope kwamba mtafukuzwa chuo.

Tena usinywe usichokijua. Kenya mwaka 2000 watu zaidi ya mia walikufa kwa pombe iliyochanganywa methanoli. Hapa Msumbiji, Januari 2015, watu 75 walikufa Chitima, mkoa wa Tete, baada ya kunywa pombe ya msibani. Wengine walisema ni nyongo ya mamba, kumbe wataalamu walikuta sumu ya bakteria. Novemba 2024 wasafiri sita wa kigeni, baadhi yao vijana wadogo, walikufa Laos kwa methanoli.

Na mabinti wetu, na wavulana pia: ulevi ndiyo saa ambayo mtu hufanya, au hufanyiwa, jambo ambalo akili timamu ingelikataa. Likitokea, nenda hospitali mara moja. Dawa ya kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Mzazi utakayepigiwa simu hiyo, usianze na swali la kwa nini alikwenda huko. Anza na, "Mwanangu, uko wapi sasa, na nani yuko nawe?"

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Danieli alikuwa na wenzake watatu. Mtoto wako atakuwa na nani? Taja majina yao kabla hajaondoka.

2. Kijana: ukiketi mezani na soda yako na wakikucheka, utajibu nini? Sema jibu hilo kwa sauti mbele ya wazazi.

3. Wazazi: je, mtoto wenu amewahi kuwaona ninyi wenyewe mkitafuta usingizi kwa uraka au nipa?

Baada ya ibada ya Jumapili ya kwanza, wazee watabaki chini ya mwembe. Kila mwanafunzi aliye mbali atagawiwa mzee wa kumpigia simu kila juma, na vocha italipwa na sadaka ya siku hiyo. Tuleteeni namba zao. Namba ya yule kijana pia, mwenye kuwa nayo.