WABALUCHI: KUTOKA ASKARI WA KUAJIRIWA HADI MAJIRANI
(Somo la kujadiliwa katika vikundi)

Lengo: Kuona jinsi mgeni anavyokuwa mwenyeji, na kupima kama masharti ya vikundi vyetu ni ya haki.



Hapa mitaa ya Eastlands, Nairobi, swali la "Wewe ni wa wapi?" halikosi. Majengo, Kaloleni, Eastleigh, Kariobangi, Dandora, kila mtaa umejaa watu waliotoka mbali. Hata vijijini, mama aliyeolewa kutoka wilaya nyingine bado huitwa mgeni, ati baada ya miaka ishirini! Na mara nyingi swali hili huzuka siku kikundi kinapopata pesa. Leo tujifunze kutoka kwa watu ambao wameulizwa swali hilo kwa muda mrefu: Wabaluchi, ambao wengine huwaita Wabulushi.

1. TUONE: Walitoka wapi?

Nchi ya Wabaluchi ni kavu, yenye mawe mengi na mvua haba. Leo imegawanyika kati ya Pakistani, Irani na Afuganistani. Pwani yake inatazamana na Omani, ng'ambo ya bahari. Shamba halikuwatosha, kwa hiyo vijana wengi waliuza walichokuwa nacho, yaani nguvu zao na ujuzi wa silaha. Watawala wa Omani waliwaajiri kuwa askari. Bandari ya Gwadar, iliyo katika nchi hiyo, ilikuwa mali ya Omani mpaka ilipouzwa kwa Pakistani mwaka 1958.

Basi walikuja kutafuta mshahara. Hawana tofauti kubwa na kijana wetu anayepanda basi kuja Nairobi kutafuta kibarua.

Mwaka 1837 Sayyid Said aliitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui, na askari wa Kibaluchi wakawekwa ndani ya Fort Jesus. Wakubwa wao waliitwa majemadari. Wengine walikwenda bara. Wazungu Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 kutafuta maziwa makuu, walinzi wa Kibaluchi walitembea nao hadi Ujiji.

Tusifiche ukweli. Askari hawa walilinda utawala wa Sultani, na utawala huo ulitajirika kwa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Wengi wa wazee wetu waliwaogopa, na walikuwa na sababu. Lakini je, mjukuu ahukumiwe kwa kazi ya babu yake?

2. TUONE: Walikuwaje wenyeji?

Mwaka 1895 Waingereza walishika pwani, na Fort Jesus ikageuzwa jela. Kazi ya askari wa Sultani ikafifia. Lakini wengi hawakurudi kwao, maana kwao kulikuwa wapi tena? Walikuwa wameoa Waswahili, wamezaa, wameanza biashara na kilimo. Watoto walikua wakisema lugha ya mama zao, yaani Kiswahili, na katika nyumba nyingi Kibaluchi kikapotea. Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walishika jembe.

Hata hivyo hawakusahau asili. Mpaka leo uko Msikiti wa Baluchi katika Makadara ya Mombasa (si hii Makadara yetu ya Eastlands). Zanzibar na bara ya Tanzania pia ziko familia zao.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, familia kadhaa zilihamia Omani na nchi jirani. Huko nako wakaitwa Wazanzibari kwa sababu ya Kiswahili chao! Mtu huyo huyo, huku anaitwa Mwarabu au Mhindi, kule anaitwa Mswahili. Basi akikosa pote, aende wapi?

3. TUPIME: Karatasi na haki

Katiba yetu ya 2010 inasema kwamba mtoto ambaye baba au mama yake ni raia wa Kenya, naye ni raia kwa kuzaliwa. Haitaji kabila wala rangi. Lakini kwa miaka mingi vijana wa jamii za mpakani, Wanubi, Wasomali, na Waislamu wa pwani wenye asili ya Uarabuni au Asia walipigwa msasa zaidi ya wenzao kabla ya kupewa kitambulisho. Wengine walizungushwa miezi na miaka. Februari 2025 Rais alitia sahihi tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada.

Hilo linatuhusu vipi? Asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake, na ni shida awe mweka hazina wa kikundi. Tangazo la Rais halitamsaidia kama sisi majirani bado tunamwambia chifu, "Huyo hatumjui," na tumeishi naye tangu utoto.

4. TUTENDE

- Kikundi kisome upya katiba yake. Sharti la uanachama liwe makazi, mchango na tabia, si kabila.
- Wanakikundi waulizane nani ana kijana aliyefikisha miaka 18 na hana kitambulisho, au mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa.
- Wachaguliwe watu wawili, mmoja awe mzee wa mtaa au kijiji, wamsindikize kijana huyo ofisini na kueleza wanamjua.
- Waandike tarehe walizokwenda na majibu waliyopewa, ili asizungushwe bure.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani tunayemwita mgeni mpaka leo? Amekaa miaka mingapi?
2. Babu zetu wenyewe walihamia hapa kutoka wapi? Nani aliwapokea?
3. Ni mtu gani tuliyemnyima nafasi katika kikundi kwa sababu ya asili yake? Tutamwendea lini, na nani atatangulia?

Swali la tatu lisiachwe bila jina na tarehe.