Dondoo muhimu: Mwalimu si karani wa kikao

Mwalimu akiitwa kwenye kikao cha Ushirikiano wa Wazazi na Walimu (UWW) ili aandike muhtasari tu, kikao kijacho atakuwa na udhuru. Mpeni ajenda yake mwenyewe: darasa la pili wangapi bado hawajui kusoma, na mzazi asaidie nini nyumbani. Hapo ataongea bila kubembelezwa.

Jumamosi mwachieni, ana nguo za kufua na shamba la kupalilia. Kaeni siku ya kazi, vipindi vikiisha; dakika 45 zinatosha. Chai na maandazi visikosekane (na asichangishwe yeye!).

Michango ya fedha? Asifanywe mkusanyaji, iachieni kamati ya shule. Mwalimu mkuu, nawe uwepo tangu mwanzo, usije kufunga kikao tu.